Iverson, Thabeet na benchi la Memphis

Usiku wa tarehe 25 Juni 2009, jijini New York, kamishna wa NBA David Stern alisimama mbele ya kipaza sauti akalitaja jina la Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam mwenye urefu wa futi 7 na inchi 3, aliyeanza kucheza mpira wa kikapu akiwa tayari na miaka 15 hivi. Alikuwa chaguo la pili katika drafti ya mwaka ule, na klabu iliyomchukua ni Memphis Grizzlies. James Harden alitajwa baada yake, wa tatu. Stephen Curry alikuwa wa saba. Huku kwetu saa nane za usiku zilikuwa zimeshapita. Siku hiyohiyo Michael Jackson alikuwa amefariki Los Angeles, kwa hiyo habari ya Mtanzania wa kwanza kuingia NBA ililazimika kugombea nafasi na msiba wa dunia nzima.

Kilichofuata Memphis miezi michache baadaye hakisimuliwi sana vijiweni. Vijana wa huku wakimzungumzia Thabeet, mjadala huishia kwenye swali moja: alijituma au hakujituma? Wanasahau kwamba mwezi Septemba mwaka uleule klabu yake ilimsajili Allen Iverson, na kwamba mchezaji mgeni kutoka Dar es Salaam alianza maisha yake ya kulipwa katika chumba cha kubadilishia nguo kimoja na nyota aliyekuwa na sifa ya ukorofi kuliko wote wa kizazi chake.

Kwa Arusha, jina la Iverson halihitaji utangulizi. Mji huu ulikuwa ukijiona makao makuu ya hip hop ya Kiswahili tangu enzi za X Plastaz, na Iverson alikuwa hip hop iliyovaa bukta: nywele zimesukwa twende kilioni, michoro mwilini, mkono mmoja umevikwa soksi ndefu ya kubana. Nenda mnadani Tengeru Jumatano au Jumamosi, pekua rundo la mitumba, na ukiwa na bahati jezi namba 3 ya Philadelphia utaipata. Hapa Maji ya Chai nimeiona ikivaliwa na dereva wa bodaboda, na muuza mahindi ya kuchoma pale barabara kuu ya Moshi, na mtoto ambaye baba yake alikuwa hata hajaoa Iverson alipostaafu.

Lakini huyo wa kwenye jezi ni Iverson wa mwaka 2001. Aliyekwenda Memphis alikuwa na miaka 34.

Alizaliwa Hampton, jimbo la Virginia, Juni 1975, na mama aliyekuwa bado binti mdogo. Akiwa na miaka 17 ulizuka ugomvi kati ya vijana weusi na weupe kwenye ukumbi wa mchezo wa bowling, na yeye akawa miongoni mwa waliokamatwa. Alihukumiwa miaka 15, 10 kati yake ikasimamishwa. Alikaa ndani miezi minne hivi, gavana Douglas Wilder akamwachia, na mwaka 1995 mahakama ya rufaa ikaifuta hukumu yenyewe kwa upungufu wa ushahidi. Mama yake ndiye aliyekwenda kwa John Thompson, kocha wa chuo kikuu cha Georgetown, kumwomba amchukue mwanawe. Ukitaka kujua kwa nini mtu huyu hakuwahi kuwa mwepesi wa kutii amri ya mkubwa, anzia hapo. Haimaanishi kila alichokifanya baadaye kilikuwa sawa. Ina maana kwamba ukaidi wake ulimwokoa kabla haujaanza kumgharimu.

Philadelphia 76ers walimchukua akiwa chaguo la kwanza kabisa mwaka 1996. Urefu wake uliandikwa futi 6, na wengi waliosimama karibu naye walisema hata hizo zimetiwa chumvi. Mwaka uliofuata klabu ilimleta Larry Brown, mwalimu wa shule ya zamani: ulinzi kwanza, pasi kwanza, na mazoezini mtu afike kwa wakati. Hawa wawili waligombana kwa misimu sita. Iverson alichelewa mazoezi, mengine hakuhudhuria kabisa, na Brown hakuwa mtu wa kumeza maneno. Kiangazi cha mwaka 2000 uongozi ulikuwa tayari umekubali kumuuza, katika mpango uliohusisha klabu nne. Mpango ulikwama kwa sababu mchezaji mwingine, Matt Geiger, alikataa kuiachia bonasi iliyokuwa kwenye mkataba wake iwapo angehamishwa. Iverson akabaki Philadelphia kwa sababu ya kipengele katika mkataba wa mtu mwingine.

Msimu uliofuata, wa 2000/2001, ndio uliomfanya awe Iverson. Sixers walishinda mechi 10 za mwanzo mfululizo, wakamaliza na ushindi 56. Yeye alifunga wastani wa pointi 31.1 kwa mechi, akachaguliwa mchezaji bora wa ligi. Brown akawa kocha bora. Aaron McKie akawa mchezaji bora wa akiba. Dikembe Mutombo, mzaliwa wa Kinshasa, aliyesajiliwa Februari kutoka Atlanta, akawa mlinzi bora. Tuzo nne katika klabu moja.

Tulitazame jambo hili kwa karibu, maana hapa ndipo siri ilipo. Brown alipoona kwamba hawezi kumbadilisha Iverson, alibadilisha kila kitu kilichomzunguka. Alimtoa kwenye nafasi ya kugawa mpira akamweka nafasi ya mfungaji. Pembeni yake akamsimamisha Eric Snow, mrefu na mtulivu, ambaye Sixers wakishambulia anagawa pasi, na wakishambuliwa anamkaba yule mpinzani mkubwa ambaye Iverson asingemuweza kwa kimo. George Lynch na Tyrone Hill walikuwa watu wa kazi ngumu, wa ribaundi na viwiko. Mutombo alikaa chini ya kikapu kufuta makosa ya wote. Hakuna hata mmoja kati yao aliyehitaji kupiga mipira 20 ili alale usingizi. Wanne walikuwa wakijenga, mmoja akipiga. Ukorofi wa nyota haukuondoka, ila ulitengewa chumba chake na wenzake wakakubali kulipa kodi ya nyumba. Walikubali kwa sababu walimwona akianguka sakafuni usiku baada ya usiku, mwembamba vile, akagongwa na watu wenye uzito wa mara moja na nusu yake, akasimama.

Tarehe 6 Juni 2001, mechi ya kwanza ya fainali, walikwenda Los Angeles kucheza na Lakers ya Shaquille O'Neal na Kobe Bryant, ambayo ilikuwa haijafungwa hata mara moja katika mtoano wa mwaka ule. Iverson alifunga pointi 48. Katika dakika za nyongeza alimpiga chenga Tyronn Lue, akatupia, Lue akaanguka, na yeye akamruka kwa hatua moja ya dharau iliyochapwa kwenye fulana dunia nzima. Sixers walishinda 107 kwa 101. Kisha walifungwa mechi nne mfululizo, fainali ikaisha. Ushindi ule ndio pekee ambao Lakers walinyang'anywa katika mtoano wote.

Mwaka mmoja baadaye, Mei 2002, baada ya kutolewa na Boston, Iverson alikaa mbele ya waandishi wa habari akaulizwa kuhusu mazoezi. Alilitaja neno hilo zaidi ya mara 20 katika dakika chache, kwa mshangao, kana kwamba ameulizwa kuhusu kitu cha kuchekesha: yeye ni nyota wa klabu, na bado watu wanamuuliza mazoezi, si mechi, mazoezi. Kipande hicho cha video kimechekesha watu kwa zaidi ya miaka 20. Kinachokatwa kila mara ni sehemu ambayo alisema rafiki yake wa karibu amekufa. Rahsaan Langford alipigwa risasi Oktoba 2001. Ukitazama mkutano wote, unaona mtu aliyechoka na mwenye msiba, anayejibu kwa jeuri kwa sababu hajui njia nyingine. Lakini pia unaona mtu ambaye kweli hakuona kwamba mchezaji wa kumi na mbili katika kikosi, yule asiyeingia uwanjani, mazoezi ndiyo mechi yake.

Brown aliondoka mwaka 2003 akaenda Detroit, na mwaka 2004 akachukua ubingwa na timu isiyokuwa na nyota hata mmoja wa kiwango cha Iverson. Waliowafunga ni Lakers walewale, 4 kwa 1. Iverson akabaki, akabadilishiwa makocha, na Desemba 2006 akauzwa Denver.

Detroit ndiko kulikotoa onyo. Novemba 2008 klabu hiyo, iliyokuwa imefika fainali ya kanda ya Mashariki miaka sita mfululizo na kushinda mechi 59 msimu uliotangulia, ilimtoa Chauncey Billups ikamleta Iverson. Msimu uliisha kwa ushindi 39 na vipigo 43, kisha Cleveland wakawafagia. Denver, pamoja na Billups, ilifika fainali ya kanda ya Magharibi. Kuelekea mwisho wa msimu kocha Michael Curry alimrudisha Iverson kwenye benchi, naye akasema waziwazi kwamba ni afadhali astaafu kuliko kusugua benchi tena.

Maneno hayo yalichapishwa kwenye magazeti yote ya Marekani. Ofisi ya Memphis iliyasoma kama kila mtu.

Walimsajili hata hivyo, Septemba 2009, kwa mwaka mmoja na kitu cha dola milioni 3 hivi, fedha ndogo kwa jina lile. Grizzlies walikuwa wametoka kushinda mechi 24 na kufungwa 58. Uwanja ulikuwa na viti vitupu, na mmiliki, Michael Heisley, alihitaji sura ya kuuzia tiketi. Kocha, Lionel Hollins, alikuwa na hitaji tofauti. Alikuwa na vijana wawili wa nafasi ya Iverson, Mike Conley na O. J. Mayo, ambao klabu ilikuwa imeamua wakue kwa kucheza. Hapo tayari ofisi mbili za klabu moja zilikuwa zimesajili watu wawili tofauti: ya juu ilisajili nyota, ya chini ikampokea mchezaji wa akiba. Na kwa maelezo ya Iverson mwenyewe, kocha hakuwahi kuketi naye kambini kuzungumza kuhusu nafasi yake. Sisi wa huku tunaifahamu hali hiyo. Kiongozi anasajili kwa ajili ya mashabiki, mwalimu anakuja kuambiwa uwanja wa ndege.

Kabla ya ligi kuanza aliumia msuli wa paja, akakosa mechi za mwanzo. Alicheza kwa mara ya kwanza tarehe 2 Novemba, Sacramento. Kule ikiwa saa moja usiku, hapa Maji ya Chai ni saa kumi na mbili asubuhi, watu wanasubiri Hiace za kwenda mjini. Aliingia kutoka benchi, akafunga pointi 11, Grizzlies wakafungwa katika dakika za nyongeza. Baada ya mechi waandishi walimuuliza kuhusu paja. Akawajibu kwamba paja halina neno, kinachomuuma ni makalio kwa kukaa kwenye benchi muda mrefu. Akaongeza kwamba yeye si mchezaji wa akiba, hajawahi kuwa, na hataanza sasa kujiona hivyo.

Kwenye benchi hilohilo alikuwa ameketi Hasheem Thabeet, miaka 22, chaguo la pili la drafti.

Sijui kijana alichowaza, na sitamsemea. Lakini jaribu kujiweka pale. Wewe umetoka Makongo, ukapita Houston, ukasoma Connecticut kwa kocha Jim Calhoun ambaye hamwonei mtu haya. Mchezo huu umeujua kwa miaka saba tu. Mbele yako katika nafasi ya kati yupo Marc Gasol, Mhispania anayejua kila kona ya uwanja. Unahitaji mkongwe wa kukuonyesha kwamba mtu anaweza kukaa, kutazama, kujifunza, na kusubiri zamu bila kuona ameshushwa hadhi. Mkongwe mkubwa kuliko wote chumbani, yule ambaye picha yake ilibandikwa ukutani na kila kijana wa rika lako, anawaambia waandishi kwamba kukaa hapo ni aibu.

Mechi mbili zilifuata, dhidi ya Golden State na Lakers, na zote walifungwa. Baada ya hapo Iverson aliomba ruhusa kwa mambo ya kifamilia, akaenda Atlanta, na tarehe 16 Novemba mkataba ukavunjwa. Mechi tatu, zote ugenini California, wastani wa pointi 12.3. Mmiliki aliyemleta ili auze tiketi hakuwahi kumwona akicheza hata mechi moja ya ligi Memphis.

Hapo ndipo hadithi hii inapowapa taabu wanaopenda majibu mepesi, kwa sababu katika chumba kilekile, kwa kocha yuleyule, mwaka uleule, alikuwamo mkorofi mwingine. Zach Randolph alinunuliwa kutoka Clippers Julai 2009. Sifa yake ilimtangulia. Alianzia Portland, katika kikosi kilichojulikana kwa kesi za polisi kuliko vikapu, na mwaka 2003 alimpiga ngumi mwenzake Ruben Patterson mazoezini akamvunja mfupa wa jicho. Klabu tatu zilikuwa zimeshamchoka. Waandishi wengi walidhani Memphis imenunua matatizo mawili kwa mkupuo.

Randolph alipewa mpira, akapewa nafasi ya chini ya kikapu, akaambiwa kazi yake ni ipi, na haikuwapo sababu ya kugombana na mtu kwa sababu Gasol na yeye hawakuingiliana. Msimu huohuo alichaguliwa mchezaji wa mechi ya nyota wote, na Grizzlies wakapanda kutoka ushindi 24 hadi 40. Mjini akawa mtu wa watu. Alijulikana kwa kuwalipia wananchi maskini bili za umeme, ni kama mtu akutumie tokeni za Luku wakati umeshazoea giza. Desemba 2021 jezi yake namba 50 ikawa ya kwanza kustaafishwa katika historia ya klabu hiyo. Hulka yake haikuwa imetiwa sabuni njiani kutoka Los Angeles kwenda Memphis. Alipata mahali ambapo hulka ile ilikuwa na kazi.

Kwa hiyo mimi simtwishi Iverson mzigo wote. Nusu ni yake: alikataa kukubali kwamba miguu ya miaka 34 si ile iliyomruka Lue. Nusu nyingine naipeleka kwa waliomsajili huku wakijua alichosema Detroit, wakanyamaza wakitumaini kwamba mambo yatajiseti yenyewe. Huku kwetu, kila mchezaji akigombana na klabu, taarifa huandikwa kwa maneno mawili, utovu wa nidhamu, na mjadala unafungwa hapo. Maneno hayo yana faida kubwa kwa viongozi kuliko kwa yeyote mwingine.

Iverson alirudi Philadelphia Desemba 2009, akacheza mechi 25, akaondoka kumuuguza mwanawe. Mashabiki walimpigia kura aanze katika mechi ya nyota wote mwaka 2010 ingawa alikuwa hajacheza kitu cha maana. Alikwenda Uturuki kuichezea Beşiktaş, akatangaza kustaafu rasmi 2013. Mwaka 2016 aliingizwa katika jumba la heshima la mchezo huo, akalia jukwaani na kumshukuru Larry Brown, mtu aliyegombana naye miaka sita. Aprili 2024 klabu yake ilimjengea sanamu. Wameiweka Camden, ng'ambo ya mto, kwenye kituo cha mazoezi.

Thabeet hakumgombeza mtu. Katika kumbukumbu za msimu ule sijaona sehemu alipolalamikia benchi. Alicheza mechi 68, wastani wa pointi 3.1, na Februari 2010 akapelekwa timu ya daraja la chini, Dakota Wizards, akawa mchezaji aliyechaguliwa nafasi ya juu kuliko wote waliowahi kushushwa huko hadi wakati ule. Mwaka mmoja baadaye, Februari 2011, Memphis walimpeleka Houston, pamoja na DeMarre Carroll na haki ya chaguo moja la drafti, wakapata Shane Battier na Ish Smith. Baadaye alipita Portland, Oklahoma City, Japani na Taiwan.

Battier alikuwa mkongwe wa aina ambayo Thabeet alikosa kukaa naye: mtu wa kukaba, asiyedai mpira, aliyekubali kuanza au kukaa kadiri kocha alivyotaka. Tarehe 17 Aprili 2011, San Antonio, zikiwa zimebaki sekunde 24 hivi, aliachia mpira wa pointi tatu ukaingia, na Grizzlies wakashinda 101 kwa 98. Ulikuwa ushindi wa kwanza wa mtoano katika historia yote ya klabu hiyo, na mfungaji wake alipatikana kwa kumtoa Hasheem Thabeet.